Nguzo iliyokuwa na mahali pake: uchambuzi wa fremu ya mbao ya bustani ya ndani inayozunguka, Ngamiani, Tanga

Kisa hiki kinahusu fremu moja ya mbao niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwezi Desemba 2023 kwa ajili ya mama mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi Ngamiani, mjini Tanga, katika mojawapo ya zile nyumba ndefu zilizo kwenye barabara za namba, ambamo ukumbi hupita katikati na vyumba hupangana kulia na kushoto. Mtaa mzima humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo. Fremu ilikuwa ya kubeba bustani ndogo ya ndani: nguzo ya kati yenye rafu tatu za duara, kila rafu ikibeba nusu nne za madumu ya mafuta ya kula ya lita tano zilizojazwa udongo, na nguzo yote ikigeuzwa kwa mkono ili kila upande upate zamu yake ya kutazama dirisha. Wiki za mwanzo ilizunguka vizuri. Kufikia Agosti 2024 ilikuwa imeshindwa kwa namna mbili zinazopingana, na kwa kuwa kila aliyeitazama, nami nikiwa wa kwanza, alianza kwa kulaumu gololi zilizo chini ya nguzo, naona ni haki nieleze kwa urefu jinsi kosa lilivyopatikana mahali pengine kabisa.

Maombi na fremu ya kwanza

Mwalimu hakutaka pambo la sebule. "Mwanangu," aliniambia, "kuinama uani magoti yangu hayakubali tena, na hata yangekubali, kuku na mbuzi wa watu hawaniachii jani. Nataka mboga nizichume nikiwa nimesimama." Alikuwa na shilingi 50,000, na fedha hiyo alikuwa ameikusanya kidogo kidogo, kwa hiyo niliichukulia kama mpaka usiovukwa.

Dirisha la sebule yake linatazama mashariki, na hilo lilikuwa jambo jema kuliko alivyodhani. Tanga ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na jua la mchana hupita juu sana mwaka mzima: saa sita mchana mwezi Juni huwa kwenye kimo cha nyuzi 62 hivi upande wa kaskazini, na mwezi Desemba nyuzi 72 hivi upande wa kusini. Paa lililotokeza sentimita 60 nje ya ukuta hutupa kivuli kinachoshuka zaidi ya mita moja mwezi Juni na zaidi ya mita moja na nusu mwezi Desemba, kiasi kwamba dirisha la kaskazini au la kusini, hata katika miezi ambayo jua lipo upande wake, hupata jua kidogo sana saa za mchana. Dirisha la mashariki hupokea jua la asubuhi lingali chini, nalo huingia hadi ndani ya chumba.

Tatizo ni kwamba mwanga wa dirisha moja hutoka upande mmoja, na mmea huufuata. Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza mwaka 1880 kwamba miche michanga ya nyasi iliyofunikwa ncha zake haikupinda kuelekea kwenye mwanga, ilhali isiyofunikwa ilipinda. Baadaye ikaeleweka kwamba homoni iitwayo oksini hujikusanya upande wa shina ulio kivulini, na upande huo ukarefuka haraka kuliko ule wa mwangani, hivyo shina likainamia dirisha. Mchicha uliopandwa sebuleni bila kugeuzwa hulala, majani yake yote yakawa upande mmoja, na shina likashindwa kuyabeba. Kugeuza chombo robo mzunguko kila asubuhi kunatosha kuzuia hali hiyo, na ndiyo sababu pekee ya kutaka fremu hii izunguke.

Niliijenga hivi. Nguzo mbili za pembeni, boriti ya juu na kizingiti cha chini vilifanya fremu yenye uwazi wa sentimita 140 kwenda juu na sentimita 64 kwenda upana, ikisimama juu ya miguu miwili ya sentimita 60 iliyolazwa kukata kizingiti. Katikati ilisimama nguzo ya paina ya mbili kwa mbili. Chini yake nilifunga habu ya gurudumu la mbele la baiskeli kuukuu, kitu ambacho katika mji wa baiskeli kama Tanga hupatikana kwa bei ndogo kwa mafundi wa barabarani. Juu, nililichonga duara pua la nguzo, yaani ncha yake, na kulipitisha kwenye tundu nililotoboa katika boriti, mbao ndani ya mbao, likiwa limekaza vizuri bila kubana. Pembe nne za fremu nilizipigilia misumari miwili miwili. Mbao zilikuwa paina iliyoshuka kutoka Lushoto. Vuli ya mwaka ule ilikuwa na mvua nyingi za El Niño, na mbao zilikuwa zimelowa rundoni. Nilihisi uzito wake nilipozibeba begani, nikazitumia hivyo hivyo kwa sababu Mwalimu alikuwa anasubiri. Gharama yote ilikuwa shilingi 46,000.

Malalamiko mawili yanayopingana

Kufikia Februari nguzo ilianza tabia ya kujirudia. Mwalimu aliigeuza baada ya kunywa chai, na alipopita tena kabla ya adhuhuri aliikuta imerudi ilikokuwa jana. Mwezi Aprili na Mei, masika ilipokolea, hali iligeuka: nguzo ilikuwa ngumu, ililia kwa juu, na alilazimika kuisukuma kwa mikono miwili huku fremu nzima ikitikisika. Julai ikalegea tena, safari hii ikiyumba pia.

Watu wake hawakukaa bure. Mjukuu wake alifunga kamba ya katani kimshazari kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini, na kuikaza. Wazo lilikuwa sahihi lakini kitu alichotumia hakikufaa, kwa sababu kamba ya katani ikinyonya maji hufupika na ikikauka hulegea, kwa hiyo iliivuta fremu siku za mvua na kuiachilia siku za jua. Fundi wa baiskeli aliitwa, akaifungua habu, akaweka gololi mpya na koni mpya na grisi, akalipwa shilingi 6,000. Kazi yake ilikuwa safi. Hata hivyo nguzo iliendelea kurudi, na kwa maneno ya Mwalimu, baada ya matengenezo hayo ilirudi kabla yeye hajafika jikoni.

Nilipoingia na kumwamkia, alinijibu marahaba kisha akasema sentensi moja ambayo ilibeba nusu ya uchunguzi: "Hii nguzo yako ina mahali pake inapopapenda."

Vipimo

Niliyashusha madumu yote na kuigeuza nguzo ikiwa tupu. Ilisimama popote nilipoiachia. Nikarudisha dumu moja lenye udongo uliolowa kwenye rafu ya kati, nikaligeuza lielekee kushoto, nikaachia. Polepole likazunguka hadi kulia na kutulia. Nikalihamisha dumu lile lile upande wa pili wa rafu, na matokeo yakawa yale yale: popote lilipoanzia, uzito uliishia kulia. Hapo palikuwa na jambo la msingi la kutenganisha. Kama nguzo yenyewe ingekuwa imepinda, ingekwama kila mara sehemu ile ile ya nguzo inapopita. Lakini hapa sehemu ya nguzo haikujali. Kilichojali ni upande wa chumba. Kwa hiyo kosa halikuwa katika kinachozunguka bali katika kilichosimama.

Nikaning'iniza timazi kutoka boriti ya juu. Kati ya juu na chini, mhimili wa nguzo ulikuwa umeinama kulia kwa sentimita 3. Nikapima fremu pembe kwa pembe: mshazari mmoja ulikuwa sentimita 155.2 na wa pili 152.7. Fremu iliyo mraba ya vipimo vile ingetoa sentimita 153.9 pande zote mbili. Kilichoanza kikiwa mstatili kilikuwa kimelala kama kiberiti kilichobonyezwa ubavuni.

Maelezo yake ni haya. Mhimili ukiwa wima kabisa, kila nukta kwenye duara la rafu ipo kwenye kimo kimoja, na dumu zito halina bonde la kuteremkia. Unaweza kumwagilia upande mmoja na kuusahau mwingine, nguzo isiondoke. Mhimili ukiinama, duara lile hupata upande wa juu na upande wa chini, na uzito wowote usiolingana huteremka kuelekea chini kama mlango usio wima unavyojifunga wenyewe. Madumu hayawezi kulingana daima, kwa sababu mchicha uliokua hunywa maji mengi kuliko giligilani iliyopandwa juzi. Kinachozuia nguzo isirudi katika fremu iliyoinama ni msuguano peke yake, na ndiyo maana gololi mpya zilizidisha ugonjwa: fundi wa baiskeli aliondoa msuguano, na nguzo ikawa huru zaidi kuteremka. Habu iliyolaumiwa kwa miezi minne ndiyo ilikuwa sehemu nzima kuliko zote.

Mbao zilizokauka zikiwa kazini

Kwa nini fremu ililala? Jibu la kwanza ni umbo. Vipande vinne vilivyounganishwa pembeni kwa misumari ni umbo linaloweza kusukumwa likabadilika bila kipande chochote kuvunjika au kurefuka. Pembetatu haiwezi, kwa sababu ili pembe yake ibadilike lazima upande mmoja urefuke au ufupike. Fundi wa paa hujua hili na hakosi kuweka mshazari, lakini kwenye samani ndogo tunajiaminisha kwamba misumari itatosha, na inatosha kwa muda, maadamu mbao inaishika.

Jibu la pili ni maji yaliyokuwamo ndani ya mbao. Mbao mbichi inapokauka haipungui ukubwa hadi unyevu wake ushuke chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wake mkavu. Kuanzia hapo kila upotevu wa maji huipunguza. Haipungui sawasawa. Kwa urefu, kufuata nyuzi, mabadiliko ni madogo mno kiasi cha kutohesabika. Kwa upana, kukata nyuzi, ni makubwa, na upande unaofuata mviringo wa pete za mti hupungua takriban mara mbili ya upande unaotoka kwenye moyo kwenda nje. Katika hewa ya pwani, ambako unyevunyevu mara nyingi huwa asilimia 75 hadi 80, mbao iliyo ndani ya nyumba hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Kwa paina, safari ya kutoka 30 hadi 15 ni upungufu wa asilimia 3 hadi 4 kwa upana. Mbao ya sentimita 4.5 hupoteza karibu milimita moja na nusu. Msumari uliopigwa ndani ya mbao mbichi huachwa tundu lake likiwa limelegea, na pembe iliyokuwa ngumu Desemba ikawa bawaba mwezi Machi.

Milimita hiyo moja na nusu ndiyo inayoeleza pia ule ugumu wa masika, jambo ambalo kwa kweli lilinichukua siku mbili kulielewa. Pua la nguzo lilikuwa duara la milimita 45, na nyuzi zake zilisimama wima, kwa hiyo lilipokauka lilipungua pande zote. Tundu katika boriti lilikuwa na nyuzi zilizolala, kwa hiyo lilipungua upande mmoja tu, ule unaokata nyuzi. Upande wa pili, kufuata urefu wa boriti, lilibaki na kipimo chake. Siku za kaskazi pua likawa jembamba ndani ya tundu lenye umbo la yai, na nguzo ikacheza kulia na kushoto, uelekeo ule ule ambao fremu ilikuwa inalalia. Masika ilipoleta unyevu, pua lilivimba tena pande zote, tundu likapanuka upande mmoja tu, na kwa kuwa nguzo ilikuwa imeinama, vikabanana. Malalamiko mawili yaliyoonekana kupingana yalikuwa na mzizi mmoja. Laiti ningezikausha mbao zile, zingeendelea kupumua kwa misimu, lakini kwa sehemu ndogo ya kipimo kile.

Kuzikausha si gharama, ni subira. Hupangwa kivulini mahali penye upepo, vijiti vikiwekwa kati ya ubao na ubao, na kipande kimoja hupimwa kwenye mizani ya dukani kila baada ya siku chache mpaka uzito uache kupungua. Kwa mbao nyembamba za namna hii ni suala la wiki kadhaa. Wiki hizo nilizozikwepa zimemgharimu mama huyu miezi minane ya kusukumana na kitu ambacho kilitakiwa kumpumzisha.

Somo la milango ya zamani

Kabla ya kuijenga upya nilijiuliza ni kazi gani hasa kila ncha ya nguzo inafanya. Jibu lipo wazi mbele ya macho yetu katika milango ya kuchongwa ya nyumba za kale za pwani, pamoja na ile iliyobaki Pangani. Mlango wa namna ile hauning'inii kwenye bawaba za ubavuni. Kila ubao wake una pua juu na pua chini. La chini hukaa ndani ya shimo la kizingiti na kubeba uzito wote, na la juu huingia kwenye tundu la kizingiti cha juu na halibebi kitu, kazi yake ni kuzuia mlango usianguke. Uzito huenda chini, unyoofu hushikwa juu. Milango hiyo ni ya miti migumu, mizito ajabu, nayo husukumwa na mtoto.

Fremu yangu ilifuata mpango huo kwa nusu tu. Chini palikuwa na habu, na habu ya baiskeli, ingawa imeundwa kubeba uzito kutoka ubavuni, ina gololi zilizokaa kati ya kikombe na koni, hivyo huweza kubeba pia mzigo wa kilo 30 au 40 ulioisimamia wima. Juu niliweka mbao laini ndani ya mbao laini, na kuifanya ncha iliyotakiwa kushika unyoofu kuwa ndiyo dhaifu kuliko zote.

Fremu ya pili

Nilipendekeza kununua mbao mpya, kisha nikajizuia. Mbao zilizokuwa sebuleni zilikuwa zimekauka pale pale kwa miezi minane, katika hewa ile ile ambayo zingeendelea kuishi. Hakuna mbao nyingine mjini iliyokuwa tayari kwa chumba kile kuliko hizo. Nilizibomoa, nikang'oa misumari, nikazipiga randa mpaka zikanyooka, nikakata kila pembe nusu kwa nusu ili mbao mbili zilaliane, nikaunganisha kwa gundi na skrubu. Nyuma ya kila pembe niliweka pembetatu ya plaiwudi yenye pande za sentimita 20, nayo pia kwa gundi na skrubu. Kabla gundi haijakauka nilihakikisha mraba kwa pembetatu ya sentimita 30, 40 na 50, kisha nikapima mishazari yote miwili hadi ikalingana. Plaiwudi ilikuwa masalio ya kazi nyingine.

Juu, nililikata pua la mbao na badala yake nikafunga bolti ya milimita 12 katikati ya nguzo. Kwenye boriti nilipachika kipande cha mninga chenye tundu la milimita 13, nikakisugua mshumaa ndani. Mninga hubadilika kidogo sana kwa unyevu ukilinganisha na paina, na bolti haibadiliki kabisa. Chini niliirudisha habu ile ile yenye gololi mpya, lakini juu yake nikaivika kofia iliyokatwa kutoka kitako cha dumu la plastiki, kwa sababu niligundua maji ya kumwagilia yalikuwa yanateremka na nguzo hadi kwenye ekseli, ambako kutu ilikuwa imeanza. Katika udongo niliongeza usumba ili upungue uzito na ushike maji. Anayefanya hivyo Tanga asisahau kuusuuza usumba mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi, kwani makumbi mengi huozeshwa kwenye matope ya ufukweni na hubaki na chumvi inayounguza mizizi.

Mwalimu aliuliza kama tupake ile dawa ya mbao ya kijani inayoonekana kwenye nguzo za uzio. Nilimwomba tusiipake. Dawa ya kawaida ya nguzo hizo huwa na shaba, kromiamu na aseniki, na mbao iliyotiwa dawa hiyo haifai kukaa karibu na udongo wa mboga. Sakafu yake ni ya saruji na fremu anaiona kila siku, kwa hiyo mchwa ataonekana mapema. Chini ya miguu niliweka vipande vya tairi kuukuu, vile vile vinavyoshonwa katambuga, ili mbao isinyonye maji ya sakafuni na ili kusawazisha saruji isiyo sawa.

Rafu ya chini niliiondoa kabisa. Mboga zake zilikuwa zimerefuka na kupauka hata katika zile wiki ambazo nguzo ilizunguka vizuri, na hapa ndipo wengi hukosea kuhusu bustani zinazozunguka: kuzungusha hugawa mwanga, hakuuongezi. Rafu iliyokuwa sentimita 35 kutoka sakafuni, mbele ya dirisha linaloanzia sentimita 90, ilibanwa pande mbili, miale ya chini ikizuiwa na ukuta na miale ya juu ikizuiwa na rafu iliyo juu yake. Zamu ya kutazama giza haina faida. Rafu mbili zilizobaki nilizipandisha hadi sentimita 82 na 118, na ukuta wa nyuma ukapakwa chokaa nyeupe ili urudishe mwanga. Madumu yakawa manane badala ya kumi na mawili, na mavuno, kwa maneno ya Mwalimu mwenyewe, hayakupungua.

Uamuzi huo ulileta hatari nyingine ambayo nilipaswa kuihesabu tangu mwanzo. Uzito ulipanda juu na jumla yake ikashuka hadi kilo 35 hivi pamoja na mbao. Miguu ikiwa na sentimita 30 mbele ya mhimili, mtoto akishika boriti kwenye kimo cha sentimita 140 anahitaji kuvuta kwa nguvu isiyofikia uzito wa kilo 8 ili fremu imwangukie. Wajukuu wa Mwalimu ni watano. Niliweka madumu mawili ya lita kumi yaliyojaa maji juu ya miguu, kushoto na kulia, ambayo pia ndiyo akiba ya kumwagilia, na nguvu ya kuangusha ikapanda hadi karibu kilo 12. Bado haitoshi, na maji ya akiba hutumika yakaisha, kwa hiyo boriti niliifunga ukutani kwa vipande viwili vya chuma na skrubu. Katika kazi yote hii, hilo ndilo jambo ambalo nisingekubali kuliacha hata kama fedha ingekwisha.

Matengenezo yaligharimu shilingi 9,500 kwa skrubu, gundi, bolti na vyuma vya ukutani, na kwa kuwa kosa lilikuwa langu nilizilipa mwenyewe pamoja na zile 6,000 za gololi.

Kuhusu mota

Mjukuu mkubwa, kijana mwenye bidii, alikuwa ameshapata kwa fundi redio mota ndogo ya sahani ya maikrowevu na alitaka tuifunge. Nilimweleza kwa nini sikukubali. Mota za aina hiyo huzunguka kama mara tano kwa dakika kwenye umeme wetu wa hezi 50, mwendo ambao ni mkubwa mno kwa rafu yenye madumu na vidole vya watoto. Nyingi huanza kulia au kushoto bila mpangilio kila umeme unaporudi. Na nyingi hutumia umeme wa nyumba wenyewe, mahali ambapo maji hudondoka kila siku. Mmea haudai mwendo huo, kwani shina huchukua saa nyingi kupinda vya kutosha kuleta madhara, na robo mzunguko kwa siku hulitangulia. Mwalimu kwa upande wake aliuliza kwa dhati kama mimea haisumbuki kwa kuzungushwa. Nilimjibu kwa kisa: mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu zilizokuwa zikiota kwenye gurudumu lililoendeshwa na maji, likizunguka zaidi ya mara 150 kwa dakika. Mizizi ikakua kuelekea nje ya gurudumu na machipukizi kuelekea katikati, kwa sababu nguvu ya mzunguko ilikuwa imeushinda mvutano wa ardhi. Mmea kweli huhisi kuzungushwa, lakini kwa kasi ya namna hiyo. Robo mzunguko wa mkono wa mama mzee kila asubuhi hauufikii hata kwa mbali.

Masika ya 2025

Nilirudi mara mbili, mwishoni mwa vuli na tena Mei 2025 mvua zikiwa nyingi. Mara ya pili mishazari ilitofautiana kwa milimita 2. Niliweka dumu lililolowa upande mmoja na jingine kavu upande wa pili, nikaigeuza nguzo kwa kidole, ikasimama nilipoiachia. Bolti ya juu haikulia. Mchicha ulisimama wima, mrehani ulikuwa umejaa pande zote, na rafu ya juu ilikuwa na pilipili zilizoanza kuwiva.

Kasoro moja imebaki. Mguu wa kulia, chini ya dumu la akiba, umeanza kuvimba kwenye ncha, kwa sababu Mwalimu huchota maji kwa kikombe na matone huangukia pale pale. Nimemkatia kipande cha bati cha kufunika ncha hiyo, na mara hii mbao ya mguu wa akiba ipo kwangu, imepangwa juu ya vijiti tangu Machi, nikiipima kila Jumamosi.